Peugeot 504 na 508: sedani mbili za zama mbili

Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikiwa na umbo lililochorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Afrika Mashariki iliipokea kama mrithi wa 404, iliyokuwa imeshinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden alizishinda mbio hizo kwa 504, na jina la Pijo likazidi kuvuma.

Ushindi huo ulitokana na ubora uleule ambao wenye magari waliuthamini barabarani. Springi za 504 zilikuwa laini na zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, hivyo gurudumu liliingia shimoni na kutoka bila gari kugonga chini. Aina ya stesheni wegoni, yenye safu tatu za viti, ikawa matatu ya safari ndefu nchini Kenya, hadi Nissan za abiria wengi zaidi zilipoipokonya kazi hiyo.

Injini yake ilianza na ujazo wa sentimita za ujazo 1,796, kisha 1,971. Katika aina nyingi mafuta yalipita kwenye kabureta, na cheche zilitokana na platini. Gari lilipokataa kuwaka, fundi alifungua kifuniko cha distributa, akasugua platini kwa msasa na kupima mwanya wake kwa geji. Hata matengenezo makubwa yalifanyika chini ya mwembe, kwa kuwa bloku ilikuwa na slivu za kuchomoa. Injini ilipochoka, slivu na pistoni zilitolewa, ikawekwa seti mpya, bila bloku kupelekwa kuchongwa. Utengenezaji wa sedani hiyo ulikoma Ufaransa mwaka 1983, lakini viwanda vya Kenya na cha Kaduna, Nigeria, viliendelea kuunganisha magari ya jamii ya 504 kwa miaka mingi.

Sedani ya 508 iliingia sokoni mwaka 2011. Ina urefu wa mita 4.79, ilhali 504 ilikuwa na mita 4.49. Injini ya 504 ilikaa kwa urefu wa gari na kuzungusha magurudumu ya nyuma kupitia propela shafti. Ya 508 imelazwa kwa upana na inavuta magurudumu ya mbele. Injini ndogo ya lita 1.6 yenye tabo ilitoa nguvu farasi 156, wakati ile ya lita mbili ya 504 yenye kabureta ilitoa takriban 93. Tofauti hiyo imeletwa na tabo pamoja na kompyuta inayopima hewa, mafuta na cheche kwa kutegemea sensa.

Tofauti kubwa zaidi ni ya usalama. 504 ilikuwa na breki nzuri za diski, lakini ajali ikitokea abiria walitegemea mikanda na uimara wa bodi tu. 508 ina mifuko ya hewa, breki zisizofunga magurudumu na mfumo wa kuzuia gari kuteleza, na mwaka 2011 ilipewa nyota tano katika majaribio ya Euro NCAP.

Ufundi nao umebadilika. Hitilafu ya 508 hujitokeza kwa taa kwenye dashibodi, na fundi hulazimika kuunganisha mashine ya kuisoma kabla ya kushika spana. Sikio lililotambua kabureta iliyoziba halitambui sensa iliyokufa. Hivyo mwenye 508 hutegemea gereji yenye vifaa na wakala wa vipuri.

Mwaka 2017 Peugeot ilirejea kuunganisha magari Kenya, katika kiwanda cha KVM mjini Thika, 508 ikiwa miongoni mwa aina za kwanza. Ilikuta soko lililojaa magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo vipuri vyake vinapatikana hadi miji midogo na mafundi wake ni wengi. Nafasi hiyo ndiyo iliyoshikwa zamani na 504.