Hitima na Chakula cha Wafiwa: Kutoka Pwani hadi Lubumbashi

Miongoni mwa mambo yaliyowagawa Waislamu wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa muda mrefu ni yale yatendwayo na walio hai kwa ajili ya marehemu: hitima, talakini, na karamu za siku ya tatu, ya saba na ya arobaini. Aghalabu mjadala huu huelezwa kuwa ni ugomvi juu ya thawabu, kama humfikia maiti au la. Hata hivyo, historia yake yaonyesha kuwa liko swali jingine lililo zito zaidi kwa wafiwa: nani amlishe nani?

Uislamu uliingia mashariki ya Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, ambao vituo vyao vikubwa vilikuwa Nyangwe na Kasongo. Katanga nayo iliunganishwa na pwani kwa biashara ya Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891. Mji wa Elisabethville, ulioasisiwa na Wabelgiji mwaka 1910 na kuitwa Lubumbashi tangu 1966, ulikusanya watu wa kila upande kwa ajili ya shaba. Waislamu waliotoka Maniema walikuja na mapokeo yenye asili ya pwani: madhehebu ya Shafii na, kwa wengi wao, tarika ya Kadiria. Kwa hiyo, hoja za wanazuoni wa Mombasa na Unguja zinawahusu wao pia.

Huko pwani, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947) alizikosoa mila za namna hii, na magazeti yake, Sahifa (1930) na Al-Islah (1932), yalieneza fikra za mageuzi. Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912-1982), aliyekuwa kadhi wa Zanzibar na kisha Kadhi Mkuu wa Kenya, aliendeleza kazi hiyo kwa maandishi yake juu ya bidaa.

Ikumbukwe kuwa wanazuoni hawakuhitilafiana katika kila jambo. Wamekubaliana kwamba dua na sadaka humfaa maiti. Saad bin Ubada alitoa bustani yake sadaka kwa ajili ya mama yake. Hitilafu imo katika kisomo. Nawawi (alifariki 1277), nguzo ya madhehebu ya Shafii, ameeleza kuwa kauli mashuhuri ya Shafii ni kwamba thawabu za kisomo hazimfikii maiti. Ibn Taymiyya (1263-1328), ambaye wanamageuzi humtegemea sana, alisema zinamfikia. Basi hapa kila upande unapingwa na imamu wake mwenyewe.

Kuhusu chakula, mambo ni wazi zaidi. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta mwaka 629, Mtume aliamuru jamaa zake Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa walikuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Jirani ndiye apikaye. Nawawi, aliyeikubali talakini, aliihesabu karamu inayoandaliwa na wafiwa kuwa bidaa isiyopendeza. Tena, warithi wakiwa watoto wadogo, wageni huenda wakala mali ya yatima, jambo ambalo Kurani imelikemea vikali katika Sura ya Nne.

Huko Lubumbashi suala hili halikomei vitabuni. Kilio ni desturi ya mji mzima, ya Wakristo walio wengi na ya Waislamu walio wachache: watu hukusanyika kwa mfiwa, na jamaa na majirani huchanga. Desturi hiyo ina nyuso mbili. Mchango unaotangulia unafuata njia ya chakula cha Jaafar. Karamu inayofuata yaweza kuirudishia nyumba mzigo ule ule. Tangu mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa hiari, uzito wa mzigo huo haukuwa mdogo kwa nyumba zisizo na mshahara.

Kwa hiyo, anayetetea hitima na anayeipinga wanaweza kukutana mahali pamoja. Iwapo thawabu zinafika au hazifiki, wahitilafiane kwa adabu kama walivyohitilafiana maimamu wao. Lakini mjane asikope ili awalishe waliokuja kumpa pole.