Sahani ya Mboga na Anayejinyima Chakula

Leo tunamzungumzia kijana anayejinyima chakula. Kwanza aliacha nyama, akasema ni kwa ajili ya afya. Kisha akaacha maziwa, mafuta, ugali, na mwishowe hata chapati. Sasa anakaa mezani na kijisahani cha kabichi huku nguo zikimning'inia. Mama anajiuliza: je, ni mboga zilizomdhoofisha? Tumlazimishe nyama ya kondoo ili apone? Kabla ya kumjibu mama huyu, hebu turudi nyuma kidogo.

Huku kwetu Molo vyakula vilikuwa vingi tangu zamani. Waogiek wa msitu wa Mau walikula asali na nyama ya porini. Wafugaji walikunywa maziwa. Wakikuyu waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya walowezi walitoka katika jamii ya wakulima, ambako nyama ilikuwa ya sherehe na siku nyingine zote zilikuwa za mtama, wimbi, nduma, mboga za kienyeji na njahi. Mwanamke akijifungua alipikiwa njahi ili arudishe damu na nguvu, desturi ambayo wengi wenu mnaijua vizuri. Kwa hiyo kupata nafuu kwa chakula cha shambani si jambo geni lililoletwa na magazeti. Lakini wakati wa ukoloni wakulima walihimizwa kupanda maharagwe ya aina nyingine, njahi ikapungua, na kibarua wa shambani akawa analishwa posho ya unga wa mahindi. Sufuria ikapoteza rangi zake.

Mwaka 1931 madaktari John Boyd Orr na John Gilks walichapisha ripoti iliyolinganisha Wamaasai na Wakikuyu. Mwanamume Mmaasai, walisema, alimzidi Mkikuyu kwa urefu wa inchi 5 hivi na kwa uzito wa kilo 10 hivi. Wengi wakahitimisha kwamba nyama na maziwa vimeshinda mboga. Hata hivyo, ripoti hiyohiyo iliona kwamba wanawake wa Kikuyu, waliokula mboga za majani zaidi ya waume zao, walikuwa na afya nzuri kuwaliko. Wanahistoria wa baadaye wakaongeza kwamba suala la ardhi iliyochukuliwa, kazi ngumu na maradhi halikupimwa ipasavyo. Kwa maoni yangu, ripoti ile haitoshi kuihukumu mboga.

Jaribio linalotusaidia zaidi lilifanyika Marekani. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Dkt. Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya njema, waliokuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri, akawapunguzia chakula kwa majuma 24. Walikula nini? Viazi, kabichi, mkate wa ngano isiyokobolewa, makaroni. Mtu wa Molo angeona chakula anachokijua! Tatizo lilikuwa kipimo, kwani walipewa karibu nusu ya chakula walichokizoea.

Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Jambo la kutisha zaidi lilikuwa akilini. Vijana waliokuwa wachangamfu wakawa wakali na wapweke. Walilamba sahani, wakachezea chakula kwa muda mrefu, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakaota chakula usiku. Mzazi wa kijana anayejinyima atazitambua tabia hizi mara moja. Kumbe nyingi huletwa na njaa yenyewe, wala si ukaidi au jeuri. Walipoanza kulishwa tena, vidonge vya vitamini na protini ya ziada havikufanya kazi kubwa. Kilichowainua ni chakula kingi, cha kutosha, kila siku.

Basi mama, jibu ni hili. Githeri, mukimo, maharagwe na ndengu vinaweza kumrudisha mtoto wako, mradi viwe vya kutosha. Wako Wasabato wasiokula nyama maisha yao yote na wana nguvu zao. Lakini jiulize: alianza kuikataa nyama kabla ya kuogopa unene, au baadaye? Ikiwa ni baadaye, huenda mboga ni pazia tu, na ugonjwa umejificha nyuma yake.

Tena, anayepona asijazwe sukuma wiki na managu peke yake. Majani hujaza tumbo upesi kabla nguvu haijapatikana. Ushauri wa kula makapi kwa wingi ulienezwa na madaktari Hugh Trowell na Denis Burkitt, waliofanya kazi Afrika Mashariki, na uliwalenga Wazungu walioshiba kupita kiasi. Kijana wako aongezewe mafuta, karanga, parachichi, na uji mzito. Kama hali mayai wala maziwa, atahitaji vidonge vya vitamini B12.

Aliyekonda sana, anayezimia au aliyekaa siku nyingi bila kula, mpeleke hospitali kwanza. Kumshindilia chakula ghafla kunaweza kushusha madini katika damu hadi moyo ukadhurika. Daktari ataanza kidogo kidogo huku akipima damu. Mweleze pia kuhusu hofu yake ya kunenepa, maana hiyo nayo inahitaji matibabu.

Nyumbani, kaeni naye mezani, mle chakula kimoja, na msiuzungumzie mwili wake. Wale vijana wa Minnesota walipohojiwa uzeeni, walikadiria kwamba kupona kabisa kuliwachukua kati ya miezi 2 na miaka 2.