Matende ya Pwani ya Tanga

Hapo kale, Makorora na pwani yote ya Tanga, matende yalitambuliwa kwa macho tu, mguu ukiisha kuvimba. Mwaka 1877, huko Uchina, Daktari Patrick Manson aliona minyoo michanga ya maradhi haya ndani ya mbu. Baadaye ikajulikana kwamba hutokea katika damu usiku. Ndipo waganga wakaipima damu usiku. Mwaka 2004 dawa za kuiua zikaanza kugawiwa watu mkoani Tanga.

Lakini dawa hizo haziurudishi mguu uliokwisha kuvimba. Ngozi hupasuka vidoleni, wadudu wengine wakaingia, na nyama ya mafuta iliyo chini yake ikawaka moto, pamoja na homa. Kinga ni kuuosha mguu kila siku kwa sabuni na kuukausha vizuri. Ukiwaka, mgonjwa na aende hospitali upesi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.