Rutuba ya Uwanda wa Eldoret

Msomaji, fahamu kwamba mji wa Eldoret uliitwa kwanza "Sixty-Four", kwa kuwa ulianzia katika shamba Na. 64. Mwaka 1908 Makaburu walifika katika uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakalima kwa plau nchi iliyokuwa malisho. Reli ilipofika mwaka 1924, mahindi na ngano zilipelekwa mbali, na kila gunia lilichukua sehemu ya rutuba. Baadaye ilitiwa mbolea ya chumvichumvi. Mavuno yaliongezeka, lakini mbolea ya DAP ikirudiwa kila mwaka huzidisha uchachu wa udongo.

Dawa yake ni ya kale. Zaidi ya miaka 1000 iliyopita wenyeji wa bonde la Amazon walirundika makaa, mifupa na taka za jikoni. Ardhi hiyo ingali nyeusi na yenye rutuba. Mkulima wa mboga naye aweza kuchoma magunzi kwa hewa haba, akayaponda makaa yake na kuyachanganya na mboji. Mboji hulisha mimea. Makaa hushika maji na chakula, tena hupunguza uchachu.

Rutuba iliyotolewa kwa miaka mia hairudi kwa msimu mmoja. Basi anza mapema, kwa maana mrithi wa udongo huo ni wewe.