Konde na Taa: Tarehe ya Wapigapicha wa Ulingoni Mwanza

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa miongo mingi vitu vya mpigapicha vilishuka stesheni pale: mikanda ya filamu, karatasi za kusafishia picha, dawa zake za unga kwenye makopo, balbu. Treni ikichelewa, studio zinasubiri. Wenye studio, kama ilivyokuwa katika miji mingi ya Afrika Mashariki, waliishi kwa picha za pasipoti, harusi na familia zilizoketi mbele ya pazia lililochorwa. Ngumi zilikuwa kazi ya Jumamosi usiku, malipo kidogo, na aliyezifuata alizifuata kwa mapenzi.

Mapambano yenyewe hayakukosekana. Polisi, Magereza na JWTZ walikuwa na mabondia wao, mitaa nayo ilikuwa na wake. Baraza la Michezo la Taifa likaundwa mwaka 1967, na miaka mitatu baadaye Titus Simba akafika fainali ya uzito wa kati kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, akapoteza kwa Mwingereza John Conteh na kurudi na medali ya fedha. Baada ya hapo kila kijana aliyefunga bandeji mkononi aliamini kuna njia ya kutokea.

Taabu ilikuwa kumpiga picha kijana huyo. Kumbi zetu hazikujengwa kwa ajili ya ngumi. Ni za jumuiya, za shule, za chama, za starehe, na taa zake ziliwekwa kumulika meza za mkutano na maharusi jukwaani. Mchana ulingo unafungwa katikati, usiku taa zinabaki zilezile za darini. Jicho la mtazamaji linazoea, filamu haizoei. Konde la bondia mwenye mkono mwepesi huenda kasi ya mita 8 hivi kwa sekunde. Shata ikifunguka kwa 1/125 ya sekunde, glovu imeshasafiri zaidi ya sentimita 6, na picha inatoka na ukungu mahali palipopaswa kuwa na konde. Ukitaka glovu isimame, mshono wake uonekane na jasho liruke kichwani tone kwa tone, unahitaji 1/500. Kwa taa zile, 1/500 ilikuwa giza.

Flashi ingesaidia, lakini mwako ukimpata bondia machoni wakati konde linakuja, mpigapicha amempigania mpinzani wake. Waamuzi wengi walikataza, na wapigapicha wenye heshima hawakusubiri kukatazwa.

Wakalazimisha filamu. Tri-X ya Kodak, iliyotoka kwa mkanda wa milimita 35 mwaka 1954, ina wepesi wa ISO 400. Waliipiga kana kwamba ni 1600, yaani kwa robo ya mwanga inaoutaka, kisha wakalilipa deni hilo katika chumba cha giza kwa kuiacha ndani ya dawa muda mrefu zaidi. Weusi unakuwa mzito, weupe mkali, na chembe zinatokeza kama mchanga wa ufukweni. Nazipenda picha hizo kuliko nyingi za leo, maana zinaonyesha ngozi, kamba na hofu bila kupamba chochote. Hata dawa ilikuwa na vita yake. Kipimo chake ni joto la nyuzi 20, na maji ya juu ya ziwa letu hukaa nyuzi 24 na zaidi. Tofauti hiyo inatosha kuivisha filamu kabla ya wakati, kwa hiyo ndoo ya barafu ilikuwa chombo cha kazi. Bahati nzuri mji wa samaki haukosi barafu.

Halafu fikiria hesabu. Mkanda mmoja una picha 36. Pambano la ridhaa enzi hizo lilikuwa raundi 3 za dakika 3, jumla dakika 9 za kupigana. Ni picha 4 kwa dakika, na hapo hujaweka akiba ya mshindi kuinuliwa mkono. Aliyebonyeza baada ya kuona konde limetua alikuwa amechelewa. Ilibidi asome mwili: kisigino cha nyuma kinachoinuka, nyonga inayoanza kugeuka, bega linaloshuka kidogo kabla mkono haujatoka. Mpigapicha aliyekaa miaka kandokando ya ulingo anazijua dalili hizi karibu sawa na kocha. Mahali pa kukaa napo pana elimu yake. Majaji wako katikati ya pande, kona nyekundu na ya bluu ni za makocha na ndoo zao, hivyo unajibana karibu na moja ya kona mbili zisizo na mwenyewe, viwiko juu ya ukingo wa ulingo, lenzi kati ya kamba ya chini na ya pili. Mbao zinatetemeka chini ya viwiko. Maji, jasho na damu vinaruka hadi kwenye kioo, na kitambaa kikavu kinakaa mfuko wa shati.

Picha ya ngumi iliyosifiwa kuliko zote duniani nayo ilitoka ndani ya ukumbi wa mji mdogo: Lewiston, jimbo la Maine, Mei 25, 1965, Muhammad Ali akimkemea Sonny Liston aliyelala chini. Neil Leifer aliyeipiga alikuwa kijana wa miaka 22. Ila yeye alikuwa na flashi kubwa zilizoning'inizwa juu ya ulingo, mbali na macho ya mabondia. Mwanza hatukuwa nazo.

Pengo kubwa katika tarehe hii lilianza mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, na njia halali ya bidhaa kutoka Kisumu ikakatika. Katikati ya miaka hiyo ikaja vita dhidi ya Idi Amin, mtu aliyewahi kuwa bingwa wa ngumi Uganda. Fedha za kigeni zikaadimika, na filamu si unga wala dawa ya malaria, haiwezi kupewa kipaumbele. Hata palipopigwa picha, magazeti yalikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Bahasha ilikabidhiwa msafiri, na ilipofika, pambano lilikuwa limeshapoa. Gazeti lilichapa matokeo kwa mstari mmoja: fulani kamshinda fulani kwa pointi. Mabondia wengi wa Kanda ya Ziwa waliingia hivyo kwenye kumbukumbu za nchi, jina bila sura. Hilo linaniuma.

Rangi ilipoenea miaka ya 1990, pamoja na mashine za kusafisha picha ndani ya saa moja, ilileta shida mpya. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa ndefu za mrija hupwita mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/500, fremu moja inaangukia kwenye kilele cha mwanga, inayofuata bondeni. Bondia yuleyule anatoka wa kijani, kisha wa kahawia, kisha nusu giza. Bondia wetu Michael Yombayomba alipotwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola Kuala Lumpur mwaka 1998, wapigapicha wa mikoani walikuwa bado wanapambana na mirija hiyo.

Kamera za dijitali ziliimaliza njaa ya mwanga. Nikon D3, iliyotangazwa mwaka 2007, ilifanya kazi vizuri kwa wepesi wa 6400, mara 16 ya Tri-X, na Januari 2012 Kodak wenyewe wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Televisheni nazo zikaleta ulingoni taa za kweli. Hassan Mwakinyo wa Tanga alipomsimamisha Sam Eggington raundi ya pili huko Birmingham, Septemba 2018, ngumi zikapata wadhamini na watazamaji upya. Siku hizi raundi haijaisha, picha iko kwenye simu za watu. Bondia anashuka, bandeji bado mkononi, anauliza: "Kaka, umeipata ile ya kulia?" Anaonyeshwa papo hapo. Simu ikiibwa, picha zinapotea; ikijaa, zinafutwa, na sioni anayeziweka kwa mpangilio.

Negativu za zamani bado zinaweza kuokolewa. Filamu ya asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kunuka siki, na ikifika hapo inajikunja na kuharibika. Mwenye mikanda ya baba yake chini ya kitanda, Kirumba au Mabatini, aitoe kwenye nailoni, aiweke kwenye bahasha za karatasi mahali pakavu penye hewa, na aanze kuinakili kwa kamera juu ya kioo chenye mwanga. Kwenye bahasha aandike kwa penseli jina la bondia, mpinzani, ukumbi na mwaka, akimuuliza mzee aliyekuwepo wakati bado yupo wa kuulizwa.