tia nanga
kitenzi. 1. Shusha nanga ili chombo kisihame: *Jahazi limetia nanga Shungimbili, Mafia.* 2. (kompyuta, kwa kupanua maana) Zuia data isihamishwe kutoka anwani yake katika kumbukumbu: *data iliyotiwa nanga.*

Matumizi. Chombo *hutia* nanga. Data *hutiwa* nanga. Lugha ya Rust ina aina ya *Pin* tangu toleo la 1.33 (2019). Kwa kila sehemu ya data hiyo, mwandishi wa programu huamua mara moja: ama imetiwa nanga pamoja na data nzima, ama iko huru. Akichanganya njia hizo mbili, sehemu huweza kuhamishwa huku anwani ya zamani ingali ikitumika, mithili ya hori linalorudi na shehena likakuta jahazi limeng’oa nanga.

*Linganisha:* ng’oa nanga.