Akiba ya dawa za dharura (Mbeya na Iringa)

Akiba ya dawa za dharura ni shehena ya dawa, chanjo na vifaa vya tiba iwekwayo kwa tadbiri kabla ya maradhi ya mlipuko kuzuka, ili jamii isianze kutafuta tiba siku ambayo wagonjwa wamekwisha kujaa wodini. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania amana hiyo iko hasa mikononi mwa maghala mawili ya kanda ya Bohari ya Dawa (MSD), la Mbeya na la Iringa.

Historia

Mwaka 1983 Serikali, kwa msaada wa Denmark, ilianzisha mpango wa dawa muhimu, ambao kwao zahanati za vijijini zilipelekewa makasha yaliyofungwa tayari; utaratibu wenye manufaa makubwa, ijapokuwa zahanati yenye wagonjwa wengi ilipungukiwa na yenye wachache ikalimbikiza dawa hata zikaisha muda. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na baadaye vituo vikaanza kuagiza kwa kadiri ya mahitaji yao.

Kipindupindu na hesabu ya dripu

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya Bara, na wilaya kama Kyela, iliyo ufukweni mwa Ziwa Nyasa na aghalabu hukumbwa na mafuriko, haina budi kukaa katika hadhari daima. Wagonjwa walio wengi hupona kwa ORS, yaani maji ya kunywa yenye chumvi na sukari. Lakini mtu mzima wa kilo 60 aliyekaukiwa mno na maji huhitaji lita 6 za dripu ya Ringer katika saa 3 za mwanzo, yaani chupa 12 za nusu lita, na wagonjwa 20 wa namna hiyo humaliza chupa 240. Maadamu mzigo huo ni mzito na barabara za milimani huharibika wakati wa mvua, akiba yenye kuokoa roho ni ile iliyokwisha kufika kituoni kabla ya Novemba.

Utunzaji

Dawa itakayowahi kuisha muda hutangulia kutoka. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8.

Maduka ya dawa muhimu

Nje ya vituo vya tiba, wananchi hupata dawa pia katika maduka ya rejareja yaliyoidhinishwa, yaitwayo maduka ya dawa muhimu; haya yalianzia Ruvuma mwaka 2003.

Hali ya sasa

Kituo kinachokosa dawa Bohari huweza kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi, aliyeidhinishwa. Kwa upande wa vifaa vya tiba, kiwanda cha mipira ya mikono kimejengwa Idofi, Makambako, kati ya Iringa na Mbeya.